Nyumba ya Ndoa Ikiuzwa Bila Ridhaa Yako

Mara nyingi mke hujua kuwa nyumba imeuzwa siku anapomkuta mgeni uani, kashika futi ya kamba, anapima kutoka kona ya jiko hadi msingi wa choo. Akiuliza, anajibiwa: "Mama, mimi nimeshanunua. Mzee hajakuambia?"

Dada yangu, usifunge virago, hata kama hati imeshabadilishwa jina. Wengi hukimbilia kwao kwa hasira au kwa aibu, na nyumba ikibaki tupu, mnunuzi anapata la kusema: hakukuta mke wala mtoto.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba wanamoishi pamoja bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ipo. Haijalishi hati ina jina la nani. Akiuza hivyo hivyo, mnunuzi anaipokea nyumba pamoja na haki yako ya kuendelea kuishi humo, mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Mwanya upo mmoja, nao ndio unaowaponza watu: mnunuzi aliyelipa pesa yake bila kujua kuwa wewe mke upo, na ambaye hata angeulizia kwa makini asingejua. Shemeji aliyeandikishiwa nyumba bure hana pa kupenyea hapo.

Kwa hiyo kila unachofanya kilenge kuonyesha kwamba alijua, au angeweza kujua. Nguo kwenye kamba, sare za shule, majirani wanaokuita mama fulani: huo wote ni ushahidi. Nenda serikali ya mtaa ukaandikishe malalamiko, uombe barua inayosema umeishi hapo tangu lini. Mwandikie mnunuzi kwamba hukuridhia, na nakala yako isainiwe kuwa ameipokea. Maneno ya mdomo, hata mbele ya mjumbe, huyeyuka.

Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililopo, kisha uombe kuweka zuio. Nakusihi ufanye hivi mapema, ukisikia fununu tu za dalali. Kama hakina hati, barua za mtaa ndizo zitakazokubeba. Iwe kina hati au hakina, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na uombe zuio la muda lisimamishe kila kitu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mnunuzi aulizie kama mwenza ameridhia, na kama muuzaji alimdanganya, mwenza anaweza kuomba mauziano yabatilishwe. Huna pesa ya wakili? Watafute wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako, au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake Tanzania.

Jihadhari na talaka ya haraka. Haki ya kukaa humo inategemea ndoa, hivyo ukiivunja kabla ya kuweka zuio unajikatia uzi mwenyewe. Ndoa ikivunjika, unachodai ni mgawanyo wa mali chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. Hapo usikubali kuambiwa hukuchangia kwa sababu hukuwa na mshahara: tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani imetambua kazi za nyumbani kuwa mchango.

Kuhusu mkopo, benki haiwezi kushika nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza anayeishi humo. Ndiyo maana utaletewa fomu, pengine ukiwa jikoni mikono ina unga, uambiwe "weka sahihi hapa tu". Nawa mikono, kaa chini, soma. Sahihi hiyo ndiyo ridhaa yenyewe.

Leo hii piga picha kila ukurasa wa hati au mkataba wa mauziano. Picha hizo pamoja na nakala ya cheti cha ndoa zihifadhi kwa mtu unayemwamini, nje ya nyumba hiyo.