Kiwanja Kinapohama Ramanini: Mwongozo kwa Mnunuzi

Anayetafuta kiwanja Nungwi aghalabu huonyeshwa mpaka wake kwenye simu: mstari mwekundu uliolazwa juu ya picha ya setilaiti, na mbele yake bahari. Bei hutajwa papo hapo, nayo ni bei ya ufukweni. Kabla hujatoa malipo ya awali, uliza: namba zilizochora mstari ule zimetoka katika mfumo gani wa vipimo?

Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilitengenezwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, unaofuata umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Simu na ramani za mtandaoni hutumia mfumo wa WGS84. Yote miwili huweza kutaja mahali kwa mita, katika kanda ile ile ya 37 Kusini, na namba zake hufanana mno. Mji Mkongwe, kwa mfano, una namba ya mashariki iliyo karibu na 521,000 na ya kaskazini iliyo karibu na 9,319,000, mfumo wowote uutumiao. Tofauti imejificha ndani ya tarakimu. Namba za Arc 1960 zikisomwa kana kwamba ni za WGS84, kiwanja husogea ramanini takriban mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi.

Nungwi iko katika ncha ya kaskazini ya Unguja. Kiwanja kilicho ndani, nyuma ya nyumba za kijiji, huweza kuonekana kimefika mchangani. Si lazima muuzaji awe mlaghai. Huenda naye alionyeshwa hivyo hivyo. Fedha zitakazopotea ni zako hata hivyo.

Ukubwa wa kosa hufichua chanzo chake. Pembe zote zikihama kwa umbali mmoja na upande mmoja, umbo likabaki lile lile, shuku mfumo. Kiwanja kikitokea upande wa Tabora, kanda ya 36 imetumika badala ya 37. Kikitokea Hispania, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi. Kikitokea Ethiopia, alama ya kutoa imesahauliwa mbele ya latitudo. Makosa hayo makubwa hayana hatari, kwa kuwa kila mtu huyaona. Lipo jingine la kati: nyuzi 6, dakika 9 na sekunde 36 zikiandikwa 6.0936 badala ya 6.16, mahali husogea zaidi ya kilomita 7. Tofauti ya mita chache tu ni jambo jingine kabisa, kwani simu yenyewe hukosea kiasi hicho, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe hukosea zaidi kwa sababu ya kuta ndefu.

Jaribio jepesi ni kuomba namba za kitu kisichohama kutoka katika ramani ile ile ya upimaji, kama njia panda au mnara wa taa, kisha uone kama kinaangukia mahali pake kwenye picha. Kikikosa kwa umbali ule ule na upande ule ule, na kiwanja nacho kimekosa. Asitokee mtu wa kuusogeza mstari kwa kidole ili “ukae sawa”. Kufanya hivyo huficha kosa na hakulisahihishi; namba hubadilishwa mfumo kwa programu ya ramani, na mtu anayejua zilikotoka.

Kumbuka pia kwamba Zanzibar ardhi ni ya umma, na unachopata ni haki ya kuitumia. Mstari wa simuni hauthibitishi haki hiyo. Kamisheni ya Ardhi ndiyo ya kuulizwa kuhusu kumbukumbu za kiwanja, na mpima ardhi anayetambuliwa ndiye wa kukupeleka kwenye mawe ya mpaka. Nenda naye. Akisimama juu ya jiwe, soma namba ya kaskazini kwenye kifaa chake na uilinganishe na ile ya ramani ya upimaji: mifumo ikiwa imechanganywa, mita hizo 300 zitaonekana katika tarakimu ya tatu kutoka mwisho.