Dondoo muhimu: Linda umakini wako

Mwaka 2004 mtafiti Gloria Mark wa Marekani alipima muda ambao watu hutazama skrini moja kabla ya kuhamia nyingine: takriban dakika 2.5. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeshuka hadi sekunde 47.

Anza na magrupu ya WhatsApp. Zima mlio wa yote, hata la ukoo. Mwenye dharura atapiga. Ukisoma au kuandika, iache simu chumba kingine, kwani kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi. Likikujia jambo la kutafuta mtandaoni, liandike kwenye karatasi, kazi iendelee. Habari zisome kwa saa ulizopanga wewe. Video fupi usizifungue kitandani kabisa: zinafuatana bila kikomo hadi usingizi ukupite.