UTI Inayorudi: Pima Mkojo Kabla ya Kununua Dawa Nyingine

Somo la afya kwa wakazi wa kaunti

Kuna swali ambalo huulizwa karibu kila mara maafisa wa afya wanapofanya kikao vijijini, lakini huulizwa mkutano ukiwa umekwisha. Watu wakitawanyika, mmoja hubaki nyuma, akamvuta muuguzi kando na kusema kwa sauti ya chini: "Dada, nimemeza dawa mara tatu, na bado nikienda haja ndogo nahisi moto. Nifanye nini?"

Swali hilo ndilo somo letu katika toleo hili. Linahusu maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi wetu tunayaita UTI, na hasa yale yanayotulia wiki chache kisha yakarudi. Jibu kwa ufupi ni hili: UTI ikirudi, usirudie dawa kwa kubahatisha. Nenda kituo cha afya na uulize kama mkojo wako unaweza kuoteshwa katika maabara kabla hujameza kidonge cha kwanza. Sababu zake tunazieleza hapa chini.

UTI ni nini hasa?

Njia ya mkojo huanzia kwenye figo mbili. Mkojo huteremka kupitia mirija miwili hadi kwenye kibofu, kisha hutoka nje kupitia mrija mmoja. Kwa kawaida bakteria wakiingia huoshwa na mkojo wenyewe. Wakifanikiwa kushika kwenye ukuta wa kibofu na kuzaana, ndipo mtu huanza kuhisi moto akikojoa, haja ya mara kwa mara inayotoa matone tu, maumivu chini ya kitovu, na mkojo wenye ukungu au harufu kali.

Katika takribani visa 8 kati ya 10, bakteria anayehusika ni E. coli. Huyu huishi ndani ya utumbo wetu bila kutudhuru. Taabu huanza anapohama kutoka njia ya haja kubwa hadi njia ya mkojo. Kwa mwanamke safari hiyo ni fupi, kwani mrija wake wa mkojo una urefu wa sentimita 4 hivi, wakati wa mwanamume hufika sentimita 20. Ndiyo sababu karibu nusu ya wanawake wote hupata UTI angalau mara moja maishani, na takribani mmoja kati ya wanne hurudiwa ndani ya miezi 6.

Hapa tuondoe aibu moja. UTI si ugonjwa wa zinaa. Ni kweli tendo la ndoa linaweza kusukuma bakteria kuelekea kibofuni, lakini kwa kawaida bakteria hao ni wa mwili wa mtu mwenyewe. Mtoto mchanga huipata, na bibi wa miaka 80 huipata. Ndoa zimeingia shaka bure kwa sababu ya ugonjwa huu, na watu wengi wamenunua dawa kwa siri wakiogopa kuulizwa maswali.

Lini tunasema imekuwa ya kurudi?

Madaktari huhesabu hivi: mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 3 au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Ukifika hapo, tatizo lako si la kununuliwa vidonge tu. Linahitaji kuchunguzwa.

Kwa nini dawa haikuponya?

Kwanza, huenda dozi haikukamilika. Moto hupungua baada ya siku moja au mbili, na mtu huweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya "siku nyingine", au humpa jirani. Wengine hununua vidonge vinne tu kwa sababu ndivyo pesa zao zilivyotosha. Bakteria waliobaki hujikusanya upya.

Pili, huenda dawa haikumweza bakteria huyo. Antibiotiki si dawa moja. Kila aina ina bakteria inaowaua na wale isiowagusa. Isitoshe, E. coli amejenga usugu dhidi ya dawa kadhaa za zamani tulizozizoea, zikiwemo amoksilini na septrini. Unaweza kumeza dozi nzima, kwa saa zake, na bado ukawa hujamtisha.

Tatu, huenda uliponea kabisa, na haya ni maambukizi mapya. Hali hii ni ya kawaida sana. Bakteria wa utumboni wapo kila siku, na njia waliyopitia mara ya kwanza bado ipo.

Nne, huenda kuna kitu mwilini kinachowapa bakteria mahali pa kujificha. Mawe kwenye figo au kibofu ni mfano mmoja. Tezi dume iliyovimba kwa wanaume wa umri mkubwa huzuia kibofu kuisha mkojo, na mkojo unaotuama huzalisha bakteria. Sukari nyingi mwilini kwa mtu mwenye kisukari hupunguza nguvu za kinga. Wapo watu waliogundua kwamba wana kisukari kwa sababu tu muuguzi aliamua kupima sukari baada ya kusikia UTI imerudi mara ya tatu.

Tano, huenda si UTI hata kidogo. Kisonono na klamidia pia huleta moto wakati wa kukojoa, na hizo ni za zinaa: hutibiwa kwa dawa nyingine, na mwenzako lazima atibiwe pamoja nawe. Fangasi ukeni nayo huwasha na kuchoma mkojo unapopita.

Sisi wa Pwani tuna la ziada la kuangalia, nalo ni kichocho. Ugonjwa huu huletwa na minyoo inayoingia kupitia ngozi mtu anapooga, kufua au kuvua katika maji baridi ya mito, mabwawa na vidimbwi vyenye konokono. Dalili yake kubwa ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho. Antibiotiki haiui minyoo hiyo, hata ukiimeza mwaka mzima. Dawa yake ni prazikwanteli. Ukipelekwa maabara kupimwa kichocho, sampuli nzuri ni ya mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana huo ndio wakati mayai ya minyoo hutoka kwa wingi.

Kuotesha mkojo ni kufanya nini?

Kipimo ambacho wengi wetu tumekiona ni kile kijiti chenye rangi kinachochovywa kwenye mkojo. Kinasaidia, kwani huonyesha dalili za kuwepo kwa maambukizi ndani ya dakika chache. Lakini hakimtaji bakteria, na hakisemi dawa gani itamuua.

Kuotesha mkojo ni hatua ya mbele zaidi. Mtaalamu wa maabara huchukua tone la mkojo na kulipaka kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria, kisha hukiweka kwenye joto linalokaribia la mwili wa binadamu. Kufikia kesho yake, bakteria mmoja aliyekuwa haonekani amekuwa kundi linaloonekana kwa macho. Hapo hutambuliwa ni nani. Kisha huoteshwa tena, na juu yake huwekwa vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja kikiwa na antibiotiki yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi pembeni mwake, na ile iliyoshindwa huzungukwa na bakteria hadi ukingoni. Jibu lote huchukua siku 2 hadi 3.

Ili jibu liwe la kweli, sampuli nayo iwe safi. Fuata hatua hizi:

1. Toa sampuli kabla ya kuanza antibiotiki. Ikiwa umeshameza, mwambie mhudumu bila woga.
2. Nawa mikono, kisha safisha sehemu za siri kwa maji safi.
3. Acha mkojo wa kwanza uende chooni. Kinga ule wa katikati kwenye chupa uliyopewa na maabara, bila kugusa ndani ya chupa.
4. Ifikishe maabara ndani ya saa moja au mbili. Kwenye joto letu, sampuli iliyokaa dirishani nusu siku huota bakteria wasiokuwa na hatia.

Tuseme ukweli: si kila zahanati ina maabara ya kuotesha. Uliza kama sampuli itachukuliwa hapo na kupelekwa, au kama utaandikiwa rufaa. Ikiwa una maumivu makali, mhudumu anaweza kukuanzishia dawa mara tu sampuli inapotolewa, kisha akaibadilisha majibu yakifika. Hivyo hutalazimika kuvumilia siku tatu bila matibabu.

Gharama ya kubahatisha

Mwaka 1945, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alitumia hotuba yake ya Tuzo ya Nobel kutoa onyo. Alieleza kwamba siku itafika ambapo mtu ataweza kununua dawa hiyo dukani, ameze kiasi kidogo kisichotosha, na hivyo kuwafundisha bakteria kuihimili. Siku hiyo tunaishi ndani yake. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2019, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Bakteria sugu haishii kwa aliyemeza dawa ovyo. Anaweza kumfikia mtoto wake, mama mkwe wake, au mgonjwa wa kitanda cha pili. Siku UTI itakapopanda hadi kwenye figo, dawa ya vidonge ikishindwa, inabaki ya sindano na kulazwa. Aliyekuwa akiepuka foleni ya maabara hujikuta wodini.

Kinga inayowezekana nyumbani

Kunywa maji ndiyo kinga rahisi yenye ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wanawake 140 nchini Bulgaria waliokuwa wakisumbuliwa na UTI ya kurudi na waliokuwa wakinywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita 1.5 za maji kila siku kwa mwaka mzima. Walipata UTI mara 1.7 kwa wastani, na wenzao ambao hawakuongeza walipata mara 3.2. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo amuulize daktari kwanza kiasi kinachomfaa.

Mama anayeuza samaki sokoni, mwalimu wa darasa lenye watoto 60 na mwendeshaji bodaboda wanajua ugumu wa ushauri huu. Wengi hujinyima maji ili wasitafute choo. Panga na jirani wa kibanda akuangalizie biashara. Mkojo usizuiwe kwa saa nyingi.

Mengine ni haya: jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, kojoa baada ya tendo la ndoa, usioshe ndani ya uke kwa sabuni au manukato, kwani unaua bakteria wazuri wanaolinda, na kama unatumia dawa ya kuua mbegu za kiume kama njia ya uzazi wa mpango, zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine, kwa sababu huongeza hatari ya UTI. Wanawake waliokoma hedhi wanaweza kuandikiwa krimu ya homoni ya kupaka ukeni. Kwa wachache wanaorudiwa mno, daktari anaweza kutoa dozi ndogo ya kinga kwa miezi kadhaa. Hiyo ni ya kuandikiwa. Usijipangie mwenyewe.

Nani asingoje?

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavu au mgongo chini ya mbavu, au kutapika. Hizo ni dalili kwamba figo zimeguswa.

Mama mjamzito asimeze antibiotiki yoyote ya dukani. Baadhi haziruhusiwi kwake, na maambukizi yasiyotibiwa yanaweza kumletea uchungu kabla ya wakati. Kliniki ya wajawazito hupima mkojo kwa sababu hiyo, hata kama hahisi lolote. Mwanamume yeyote mwenye UTI, na mtoto mwenye homa isiyojulikana chanzo, nao wachunguzwe mapema.

Kwa upande mwingine, mzee asiye na dalili yoyote ambaye kipimo kimeonyesha bakteria kwa kawaida hahitaji dawa. Tunamtibu mtu, hatutibu karatasi ya maabara.

Ukienda kituoni, beba haya

Chukua pakiti za dawa zote ulizomeza mwaka huu, hata zilizo tupu. Andika tarehe ulizougua, hata kwa kukadiria. Taja kama una kisukari, una mimba, au uliogelea mtoni. Kisha uliza maswali matatu: Je, hii ni UTI kweli? Mkojo wangu unaweza kuoteshwa? Na majibu nirudi kuyachukua lini?

Huna haja ya kungoja mkutano uishe ndipo uulize. Mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji chako anaweza kukuelekeza kituo kilicho karibu, na mazungumzo yenu ni siri.