Wosia Nao Huzeeka

Mtu afikaye Matemwe, pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja inayokabili kisiwa cha Mnemba, huona minazi, ngarawa, na majumba ya wageni yaliyopangana ufukweni. Zamani ardhi ile ya mawe na mchanga haikuhesabiwa kuwa kitu. Mali ya mtu ilikuwa minazi yake, na kwa desturi ya Unguja mti waweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule. Leo ufuko uleule watafutwa na wajenzi wa hoteli.

Basi tumfikirie mzee aliyeagiza miaka mingi iliyopita kwamba minazi iende kwa mwana mmoja, na kiwanja cha pwani kwa mwingine, kama kifuta machozi tu. Alikusudia haki, wala hakubadili neno. Lakini dunia imebadilika, na siku ya msiba ndugu wale watakuta kwamba aliyepewa kidogo amepata kingi. Hapo udugu huingia majaribuni.

Wazazi wengi hudhani wosia ukishaandikwa kazi imekwisha. Sivyo. Wosia nao huzeeka, na historia ya Unguja yatufundisha hivyo. Mwaka 1844 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, aliwaarifu Waingereza kwa barua kwamba baada yake Thuwaini atashika Omani, na Khalid nchi zake za Afrika. Khalid akafariki mwaka 1854, kabla ya baba yake. Majid akawekwa kuongoza Unguja, lakini halikupatikana agizo jipya lililokubaliwa na wana wote. Mwaka 1856 Sayyid Said akafa baharini akirudi kutoka Omani. Thuwaini akadai Unguja iwe chini yake, naye Barghash akamwinukia Majid. Ugomvi ukaendelea hata mwaka 1861, alipoamua Canning, mtawala wa Kiingereza wa India: dola ikagawanywa, na Unguja ikatakiwa kuilipa Omani riale 40,000 kila mwaka. Ikiwa jina la marehemu lililobaki katika agizo la zamani laweza kuisumbua dola, litaifanyaje nyumba yetu?

Yatupasa, basi, kuufungua wosia na kuusoma upya katika nyakati hizi.

Kwanza, ndoa au mtoto anapozaliwa. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837 ilisema kwamba ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake, na Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa Tanganyika, ilichukua kanuni hiyohiyo. Aliyeandika akiwa kapera asidhani karatasi ile yamlinda mkewe.

Pili, anapofariki mrithi, au msimamizi aliyetajwa, au anapokuwa mzee asiyeweza tena kazi hiyo.

Tatu, mali inapobadilika: shamba limeuzwa, nyumba imejengwa, thamani imepanda. Tusiwasahau akina mama. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kilimo cha mwani kimewapa wanawake wengi wa pwani ya mashariki ya Unguja fedha zao wenyewe. Nao wana mali ya kuagizia.

Nne, mtu anapohama au kununua mali ng'ambo ya bahari. Sheria za Bara na za Zanzibar si moja. Unguja ardhi ni ya umma, na mtu hushika haki ya kuitumia, kwa Sheria ya mwaka 1992. Tena majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huko, wana mafungu yao ya mirathi yaliyowekwa, na wosia wao hauzidi theluthi moja ya mali. Familia yenye watu wa dini mbili isikisie. Imwulize wakili mapema.

Namna ya kubadili nayo ina taratibu zake. Usifute mstari na kuandika juu yake kwa kalamu nyingine. Andika wosia mpya, weka tarehe, sema wazi kwamba wa kwanza umefutwa, kisha utie sahihi mbele ya mashahidi wasio warithi. Huku Bara, kanuni za sheria za mila za mwaka 1963 hutaka mashahidi wasiopungua wawili kwa ajua kusoma na kuandika, na wanne kwa asiyejua. Wala neno la mdomo haliwezi kufuta wosia wa maandishi. Kwa hiyo ahadi iliyotolewa kitandani mwa ugonjwa haitaushinda ule wa zamani uliomo sandukuni. Wakala wa serikali uitwao RITA hupokea wosia na kuuhifadhi.

Twashauri kila nyumba ichague siku. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, wafaa sana. Baba na mama waketi, wasome karatasi yao, na kuulizana swali moja: je, haya ndiyo tuyatakayo leo? Likiwa jibu ni ndiyo, wairudishe mahali pake na kumwambia msimamizi ilipo. Likiwa ni hapana, wasingoje mwaka mwingine.