Dondoo Muhimu: Wasaidizi wafanye kazi kabla ya mlima

Katika mbio za baiskeli za barabarani za wenye miaka 35 na zaidi, timu nyingi za ridhaa huwachosha wasaidizi mlimani, mahali ambapo msaada wao una faida ndogo kabisa. Kwenye tambarare, kwa kilomita 40 kwa saa, nguvu nyingi za mwendeshaji huishia kupambana na upepo, na anayejikinga nyuma ya mwenzake huokoa robo yake au zaidi. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, mwendo ukishuka hadi kilomita 15, kinachokuzuia ni uzito wako. Basi mfikisheni mpandaji wenu chini ya mlima akiwa miongoni mwa kumi wa mbele, ameshakunywa maji na kubadili gia mapema, kabla mnyororo haujakazwa na mzigo.

Wapo watakaosema mlima humchagua mwenye miguu, awe na timu au asiwe nayo. Ni kweli, kama mlima ni mmoja, mrefu, tena mwishoni. Lakini vilima vinavyorudiwa kila mzunguko hufuatwa na tambarare, na hapo aliyeachwa sekunde kumi hurudishwa na wenzake wawili wakipokezana mbele.