Kila Kitalu na Vali Yake: Kugawa Maji ya Matone kwa Umeme

Mkulima mwenye vitalu vya sukuma wiki, nyanya, vitunguu na miche akifungulia maji vyote kwa pamoja, miche hufurika huku nyanya zikibaki na kiu. Vali za umeme, ziitwazo solenoidi, humwezesha kumwagilia kila kitalu kivyake. Ndani ya vali mna koili. Umeme ukipita, koili huwa sumaku na kufungua njia ya maji. Umeme ukikatika, springi huifunga.

Kosa la kuepuka ni kuunganisha vali moja kwa moja na bodi ya kudhibiti. Pini moja ya Arduino Uno hutoa volti 5, na haifai kuvutwa zaidi ya miliampea 20. Vali ndogo ya volti 12 inaweza kuvuta miliampea 400. Bodi itaungua.

Hatua za kufuata:

1. Weka rilei moja kwa kila vali. Bodi huwasha rilei, nayo rilei hupitisha umeme wa betri hadi kwenye vali. Waya wa hasi unaweza kuwa mmoja kwa vali zote, lakini kila vali iwe na waya wake wa chanya.

2. Funga dayodi, kwa mfano 1N4007, sambamba na kila koili, mstari wake ukielekea chanya. Koili inapozimwa hurudisha umeme mkali unaoharibu rilei.

3. Piga hesabu ya umeme. Vali 4 za miliampea 400 zikifunguka pamoja huvuta ampea 1.6. Chagua betri, nyaya na fyuzi zinazomudu kiasi hicho, au fungua vali kwa zamu.

4. Weka kipima unyevu katika kila kitalu, na upange viwango viwili: cha chini cha kufungua na cha juu cha kufunga. Kiwango kimoja pekee hufanya vali iwake na kuzima ovyo.

Kabla ya kununua, soma presha iliyoandikwa kwenye vali. Tangi lililoinuliwa mita 2 hutoa takriban baa 0.2 pekee, na vali nyingi hazifunguki vizuri kwa presha hiyo. Mwenye tangi la chini aulizie vali inayofanya kazi kuanzia baa 0.

Mwisho, jaribu vali moja baada ya nyingine kabla ya kupanda. Wakulima wanaohitaji ushauri wamwone afisa wa kilimo wa wadi yao.