Kutoka Ushabiki hadi Kazi ya Programu: Somo la Jedwali la Mechi

Mwaka wa 2000, Sean Forman alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Alikuwa akisomea hesabu tumizi na sayansi ya ukokotoaji, na tasnifu yake ilikuwa bado haijakamilika. Kando ya tasnifu hiyo alikuwa na shughuli nyingine ambayo haikuwa na msimamizi wala alama za mtihani: besiboli. Alikuwa shabiki wa mchezo huo na mwandishi wa makala kuhusu takwimu zake. Mwezi wa Aprili mwaka huo, tovuti aliyoiunda, Baseball-Reference, ilianza kupatikana kwa anwani yake yenyewe.

Miaka sita baadaye aliacha kazi ya uhadhiri ili aishi kwa tovuti hiyo. Makala haya yanafuata njia aliyopita, kisha yanaonyesha kazi ya mwanzo ambayo mwanafunzi wa chuo cha kiufundi, au hata wa kidato cha nne, anaweza kuifanya kwa kutumia mechi za wadi yake.

Takwimu zilikuwepo tayari

Besiboli ni mchezo wa kuhesabu. Katika ligi kuu ya Marekani, kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, na karibu kila tukio uwanjani huandikwa. Kwa muda mrefu hesabu hizo zilikaa katika vitabu vinene. Mwaka wa 1969 kampuni ya Macmillan ilichapisha ensaiklopidia ya besiboli iliyoandaliwa kwa msaada wa tarakilishi, jambo lililokuwa geni siku hizo. Vitabu vingine vilifuata. Shida ya kitabu ni kwamba kikishachapwa kimefungwa, ilhali msimu unaendelea. Kosa lililomo hubaki humo hadi toleo lijalo.

Katika miaka ya 1990, mwanahabari Sean Lahman alikusanya takwimu za wachezaji katika hifadhidata ya tarakilishi na kuwaachia watu waitumie bila malipo. Kwa hivyo Forman hakuanza kwa kukusanya nambari moja moja kutoka kwenye magazeti ya kale. Zilikuwepo. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia. Faili kubwa ya nambari haimsaidii shabiki wa kawaida asiyejua kuihoji hifadhidata. Anachotaka ni kuandika jina la mchezaji na kuona maisha yake yote ya uchezaji katika ukurasa mmoja.

Hicho ndicho alichotengeneza. Kila mchezaji alipata ukurasa wake, kila timu wake na kila msimu wake, na kurasa hizo zikaunganishwa. Msomaji aliyekuwa akiangalia rekodi ya mchezaji aliweza kubonyeza mwaka fulani na kuiona timu nzima ya mwaka huo, kisha akabonyeza jina la mwenzake na kuendelea. Shabiki yeyote anajua kwamba maswali ya michezo hayaji moja moja. Moja huzaa lingine, na mabishano yaliyoanza saa mbili usiku hufika saa tano. Mtayarishaji programu asiyeupenda mchezo angeweza kupanga nambari zile zile vizuri, lakini pengine asingejua mtu atataka kwenda wapi baada ya ukurasa wa kwanza.

Griffey wawili

Mfano mmoja unaonyesha jinsi kazi hii inavyofanyika kwa ndani. Katika tovuti hiyo, kila mchezaji ana kitambulisho chake: herufi tano za kwanza za jina la ukoo, mbili za jina lake la kwanza, na nambari. Babe Ruth, mchezaji maarufu wa zamani, ni ruthba01. Ken Griffey ni griffke01. Lakini kuna Ken Griffey mwingine, mwanawe, ambaye pia alicheza ligi kuu. Mwaka wa 1990 baba na mwana walicheza pamoja katika timu ya Seattle. Huyo ni griffke02.

Bila kitambulisho, tarakilishi ingechanganya rekodi za wawili hao na kumpa mmoja mafanikio ya mwingine. Jambo hili si geni hapa Kenya. Katika karatasi za waamuzi wa mashindano ya wadi, mchezaji yule yule huandikwa Otieno J. wiki hii, John Otieno wiki ijayo, na Jonte wiki ya tatu kwa sababu mwandishi anamjua kwa jina hilo. Wakati huo huo, timu jirani ina John Otieno wake. Mwisho wa msimu, kamati inapotaka kumtuza mfungaji bora, ugomvi huanza. Ni tatizo lile lile ambalo hospitali, benki na ofisi za ardhi hukabiliana nalo, na anayejua kulitatua kwenye kandanda anaweza kulitatua kwingine pia.

Kuacha mshahara

Baada ya masomo, Forman alikuwa mhadhiri wa hesabu na sayansi ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Saint Joseph's, mjini Philadelphia. Tovuti iliendelea kukua kando ya kazi hiyo. Mapato yalitokana na matangazo, na pia na utaratibu ambao shabiki wa kawaida angeuelewa kwa urahisi: mtu aliweza kulipia udhamini wa ukurasa wa mchezaji anayempenda, na ujumbe wake mfupi ukaonekana hapo.

Mwaka wa 2006 aliacha uhadhiri. Vijana wanaosimuliwa habari kama hizi mara nyingi husikia sehemu ya ujasiri peke yake: mtu aliacha kazi, akafanikiwa. Inafaa kutazama tarehe. Kati ya kuanza kwa tovuti na kuacha mshahara kulipita miaka sita. Katika muda huo alikuwa na shahada, alikuwa na ajira, na tovuti ilikuwa na wasomaji wanaorudi kila siku wakati wa msimu. Hakuacha masomo ili akafuate wazo, bali aliacha kazi wakati wazo lilikuwa tayari limeshakuwa kazi.

Kampuni yake, Sports Reference, baadaye ilijumuisha tovuti za mpira wa kikapu na kandanda ya Kimarekani zilizoanzishwa na mashabiki wengine wenye ujuzi wa hesabu, pamoja na kurasa za michezo ya vyuo vikuu. Mwaka wa 2018 ilizindua FBref, tovuti ya kandanda tunayoijua sisi, ambayo mashabiki wa ligi za Ulaya huitumia kutafuta rekodi za wachezaji.

Timu ambazo hazijakutana

Mwanafunzi mwingine, Kenneth Massey, alianza na swali gumu zaidi. Mwaka wa 1995 alikuwa katika Chuo cha Bluefield, jimbo la Virginia, akifanya mradi wa hesabu. Kandanda ya Kimarekani ya vyuo vikuu ina timu zaidi ya 100 katika daraja la juu, na kila moja hucheza mechi chache tu kwa msimu. Nyingi hazikutani kamwe. Je, itajulikanaje timu ipi ni bora?

Njia ya Massey inaweza kuonyeshwa kwa timu tatu za kubuni na mpira wa kawaida. Timu A imeifunga B kwa tofauti ya mabao 3. B na C zimetoka sare. A na C hazijakutana, lakini mtu anaweza kukisia kwamba A inaizidi C kwa mabao 3. Kisha A na C zinakutana, na A inashinda kwa bao 1 tu. Sasa matokeo yanapingana. Hakuna nambari tatu zinazoweza kutimiza yote. Hesabu hii hutafuta nambari zinazokosea kwa kiasi kidogo kabisa: kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, makosa yote hujumlishwa, na jumla ndogo kuliko zote ndiyo inayochukuliwa. Jibu hapa ni kwamba A inaizidi B kwa mabao mawili na theluthi moja, na inaizidi C kwa bao moja na theluthi mbili. C imepanda juu ya B ingawa zilitoka sare, kwa sababu C ilistahimili zaidi mbele ya A. Kila mechi kati ya zile tatu imekosewa kwa theluthi mbili za bao, hakuna iliyopendelewa. Mwanafunzi mwenye karatasi na kalamu anaweza kuhakikisha.

Kwa timu tatu kazi hii huchukua dakika kumi. Kwa timu 100 inahitaji programu, na hapo ndipo shabiki hulazimika kujifunza kuiandika. Kuanzia mwaka wa 1999 hadi 2013, orodha ya Massey ilikuwa moja ya zile za tarakilishi zilizotumiwa katika mfumo wa kuchagua timu za fainali ya taifa ya vyuo. Yeye mwenyewe aliendelea kuwa mwalimu wa hesabu chuoni.

Kuna neno la tahadhari hapa. Hesabu ya namna hii huvutia kampuni za kamari, na huwavutia pia vijana wanaodhani wamepata ufunguo wa kuzishinda. Mfano wa juu ulikosea mechi zote tatu ambazo tayari matokeo yake yalijulikana.

Jedwali la wadi

Mwanafunzi anayetaka kujaribu hahitaji tarakilishi ya bei ghali. Programu ya majedwali kama Excel, katika maabara ya chuo au maktaba, inatosha kwa kuanzia. Mashindano ya wadi yenye timu nane zinazokutana nyumbani na ugenini huwa na mechi 56, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukiingiza kwa siku moja.

Kosa la kawaida ni kuanza na msimamo wa ligi: jina la timu, mechi, ushindi, sare, alama. Kila Jumapili mtu hufuta nambari za zamani na kuandika mpya. Wiki ya saba timu moja inalalamika kwamba alama zake zimepungua, na hakuna anayeweza kuonyesha zilipotelea wapi. Njia bora ni kuandika mechi, si msimamo. Kila mechi ipate mstari mmoja: nambari ya mechi, tarehe, timu mwenyeji, timu mgeni, mabao ya mwenyeji, mabao ya mgeni. Alama zote hukokotolewa na tarakilishi kutokana na mistari hiyo. Rufaa ikikubaliwa na matokeo kubadilishwa, mstari mmoja unarekebishwa na msimamo wote unajipanga upya.

Wachezaji huwekwa katika jedwali la pili, kila mmoja na kitambulisho chake, na wafungaji katika la tatu, linalotaja nambari ya mechi na kitambulisho cha mchezaji bila kurudia jina. Mwanafunzi aliyefika hapo tayari amejenga hifadhidata ndogo, ingawa huenda hajalisikia neno hilo darasani. Hatua inayofuata ni kuihamishia katika programu halisi ya hifadhidata na kujifunza kuihoji kwa lugha ya SQL, kisha kuandika ukurasa wa wavuti unaoonyesha majibu. Programu za kufanyia kazi hizi zinapatikana bila malipo.

Wachezaji wengi wa mashindano haya ni watoto wa shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Tarehe ya kuzaliwa, nambari ya simu au picha ya mchezaji wa miaka 15 haifai kuwekwa mtandaoni kwa sababu tu mwenye jedwali anayo. Kwa mashindano ya wadi, nambari ya jezi na timu yatosha kuonyeshwa hadharani.

Kwa masomo rasmi, diploma ya teknolojia ya habari katika vyuo vya kiufundi huhitaji alama ya wastani ya C- katika KCSE, na vyeti vya ngazi ya chini hupokea walio na alama za chini zaidi. Mpango wa kitaifa wa Ajira Digital nao huwafunza vijana kazi za mtandaoni. Anayeomba nafasi ya mafunzo ya kazini akiwa na jedwali la msimu mzima, lililokaguliwa na kutumiwa na kamati ya mashindano, huwa na kitu cha kuonyesha kando ya cheti.

Ukaguzi wa kwanza ni rahisi. Jumla ya mabao yaliyofungwa na timu zote lazima ilingane na jumla ya mabao yaliyofungwa dhidi yao. Alama nazo zina kipimo chake: kila mechi iliyopata mshindi hutoa alama 3 kwa jumla, na kila sare hutoa 2. Hesabu hizo zisipolingana na msimamo uliobandikwa ubaoni, kuna mstari wenye kosa. Mara nyingi huwa ni mechi iliyoandikwa mara mbili, au ile iliyokatizwa na mvua katika kipindi cha pili ikarudiwa wiki iliyofuata, na karatasi zote mbili za mwamuzi zikahesabiwa.